Karatasi, PP, PE au PET: nyenzo gani kwa etiketi zako za flekso?

Wateja wengi wa imprimeri hapa Lubumbashi hufika na vitu viwili: chupa mkononi na mchoro kwenye simu. Wanauliza bei ya etiketi elfu moja, wanauliza zitakuwa tayari lini, basi. Nyenzo yenyewe wanamwachia mchapaji, naye huchukua rulo iliyoko stoo. Miezi miwili baadaye etiketi imekunjamana kwenye chupa ya sabuni, au imeachia ndani ya ndoo ya barafu pale soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama.

Ulinganisho huu ni wa wote wawili: mwenye bidhaa anayetaka kuagiza, na fundi mwenye mashini ndogo ya flekso, ile inayochapa rulo kwa bamba laini, anayejiuliza aagize rulo gani kabla lori halijavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Nimechukua nyenzo nne zinazowachanganya watu zaidi: karatasi ya kushe, polipropilini (PP), polietilini (PE) na poliesta (PET). Nyingine nitazigusa kwa haraka baadaye, maana kazi zake ni chache.

Vigezo kabla ya majina

Etiketi ya kujibandika ina tabaka nne: uso unaochapwa, gundi, silikoni nyembamba, na karatasi ya nyuma ambayo hutupwa. Mpangilio huo haujabadilika sana tangu R. Stanton Avery alipoanza kuziuza mjini Los Angeles mwaka 1935. Ukisema "nataka PP" umetaja uso tu. Gundi bado hujaichagua, nayo huharibu kazi nyingi kuliko uso.

Kigezo cha kwanza ni chombo. Je, ni kigumu au kinabinywa? Ni glasi, plastiki au katoni? Kina mviringo mmoja kama silinda, au kimepinda huku na huku kama chupa ya shampuu?

Cha pili ni maisha ya etiketi baada ya kubandikwa: maji, mafuta, jua, frigo, vumbi. Usifikirie siku ya kawaida dukani. Fikiria siku mbaya kuliko zote ambayo chupa hiyo itaipitia, halafu chagua kwa siku hiyo.

Cha tatu ni mashini. Flekso huchapa kwa klishe, yaani bamba laini la plastiki iitwayo fotopolima. Rola ya aniloksi, yenye vishimo vidogo mno, ndiyo inayopima wino mwepesi na kuupa klishe, na wino hukaushwa mara tu unapotua juu ya nyenzo. Hapo hapo, kwenye njia hiyo hiyo, kisu hukata umbo na mabaki huvutwa pembeni. Kwa hiyo tunauliza: wino unashika? Nyenzo inavutika? Kisu kinaipenda?

Cha nne ni bei. Mimi huipima kwa etiketi iliyobaki mahali pake hadi bidhaa iishe. Rulo ya bei rahisi inayokulazimisha kubandika mara ya pili imekugharimu mara mbili, na aibu juu.

Karatasi ya kushe

Hii ndiyo karatasi iliyopakwa tabaka laini, yenye mng'ao wa kadiri, mara nyingi ya gramu 80 hivi kwa mita ya mraba. Ndiyo nyenzo ya bei ya chini kati ya hizi nne, na ndiyo rahisi kupatikana.

Kwa chombo, karatasi inaelewana na vitu vigumu na vikavu: maboksi, mitungi ya glasi, makopo, paketi za kahawa. Inafuata silinda vizuri, lakini kwenye mpindo wa pande mbili hutoa mikunjo, na kwenye chupa inayobinywa hupasuka au kubaki na alama.

Kwa maisha, adui zake ni maji na mafuta. Vanishi au filamu ya juu hulinda uso, ila maji huingia kwa ukingo, pale kisu kilipopita, na hakuna vanishi inayofika huko. Mafuta ya mawese nayo hayana huruma: tone moja likiteleza kutoka kwenye kifuniko, karatasi hugeuka kuwa na doa linalopitisha mwanga, na doa hilo haliondoki.

Kwenye mashini ndipo karatasi inapopendwa. Hunyonya wino kidogo, hivyo hata wino wa maji hukauka bila shida. Haivutiki kwa joto, kwa hiyo rangi nne hukaa moja juu ya nyingine bila fundi kuhangaika. Kisu ambacho kimeanza kuchoka bado kitaikata. Udhaifu wake uko kwenye mabaki: ukibana etiketi karibu karibu mno ili kuokoa nyenzo, ule wavu mwembamba wa mabaki hukatika na mashini husimama.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo katalogi za wauzaji haziliandiki. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ya Lubumbashi ni kavu sana. Karatasi hupoteza unyevu, hujikunja kingo na kuwa rahisi kukatika. Novemba mvua zinapoanza, karatasi ile ile hunywa unyevu na kuvimba. Rulo iliyofunguliwa na kuachwa wazi stoo miezi yote hiyo inabadilika tabia. Irudishe ndani ya plastiki yake kila jioni, na uisimamishe mbali na ukuta.

Inamfaa nani? Anayeanza biashara na anajua atabadilisha mchoro baada ya miezi michache, anayeuza bidhaa kavu, anayebandika katoni. Asali ya msituni kwenye mtungi wa glasi hupendeza sana ndani ya karatasi, mradi mtungi ufutwe vizuri kabla ya kubandika.

PP

Filamu ya PP inayotumika kwa etiketi kwa kawaida huwa na unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 50 hadi 60, nyeupe au angavu kabisa. Ni ngumu kidogo, inang'aa, na maji hayaifanyi chochote.

Chombo chake ni kile kigumu au kigumu nusu: chupa ya glasi, chupa ya PET ya juisi, kopo la plastiki nene. Kwenye silinda inakaa kama imechapwa moja kwa moja, hasa ile angavu. Chupa ya kubinywa ndiyo inayoishinda. PP hupenda kurudi ilivyokuwa. Chupa ikibinywa na kuachiwa mara nyingi, etiketi hujitenga na plastiki kidogo kidogo, na mifereji ya hewa hubaki chini yake.

Kwa maisha, ndoo ya barafu na frigo si tatizo, na mafuta ya kula hayaipiti. Juani filamu hustahimili kuliko rangi zilizo juu yake. Njano na nyekundu huwa za kwanza kufifia, na hilo ni suala la wino na vanishi. Jambo la ziada kwa wanaojali urejelezaji: PP ni nyepesi kuliko maji na huelea, wakati plastiki ya chupa za PET huzama, hivyo ni rahisi kuzitenganisha kwenye tangi la kuoshea.

Mashini sasa. PP ghafi haipendi wino. Nguvu ya uso wake, inayopimwa kwa daini, ni kama daini 30 kwa sentimita, na wino wa flekso unahitaji 38 au zaidi ili utandae na kushika. Ndiyo maana filamu hupigwa korona, yaani cheche za umeme zinazobadilisha uso wake, au hupakwa tabaka maalumu kiwandani. Korona hupungua nguvu kadiri miezi inavyopita. Rulo iliyokaa muda mrefu njiani kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia, kisha ikakaa stoo kwako, huenda isiwe na nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Kalamu ya daini ni kitu kidogo na inakwambia ukweli kabla hujawasha mashini: ukichora mstari ukakaa mzima, endelea, ukijikusanya kuwa matone, simama. Baada ya kuchapa, bandika skochi (utepe wa gundi) juu ya wino mkavu na uivute kwa nguvu. Kama rangi imekuja nayo, usimpe mteja.

Ile angavu inataka wino mweupe uchapwe kwanza chini ya rangi nyingine, na mweupe huo uwe mzito, kwa aniloksi inayobeba wino mwingi. Bila hivyo, nyekundu yako juu ya juisi ya rangi ya machungwa itakuwa kitu kisicho na jina. Hesabu klishe moja zaidi katika bei.

Msimu wa kiangazi huleta umeme tuli. Filamu ikifunguka kwa kasi katika hewa kavu huvuta vumbi jekundu la mji wetu moja kwa moja juu ya uso unaotaka kuuchapa. Uzi wa shaba wenye nyuzinyuzi, uliounganishwa ardhini na kupitishwa karibu na filamu, husaidia sana kwa gharama ndogo. Na kisu kiwe kikali kweli. PP haikatiki kwa kupasuka kama karatasi. Kisu butu huacha nyuzi zinazoshikilia etiketi na mabaki pamoja.

Bei yake iko juu ya karatasi, ingawa kwa oda kubwa tofauti hupungua hadi kuwa ndogo kwa kila chupa. Inamfaa muuza vinywaji vya baridi, pilipili ya chupa, mafuta ya kula, na yeyote ambaye bidhaa yake itakaa rafu moja na zile zinazotoka nje.

PE

PE ni laini, nzito kidogo mkononi, na unene wa kawaida ni mikroni 85. Sifa yake moja inatosha kuieleza: inafuata chombo. Chupa ikibinywa, etiketi inabinyika. Ikirudi, inarudi nayo.

Kwa hiyo chombo chake ni chupa ya sabuni ya maji, losheni, javeli (dawa ya kung'arisha nguo), na bidoni zenye mpindo. Nyingi ya hizo zimetengenezwa kwa PE ngumu, na hapo kuna tahadhari moja. Chupa iliyotoka kwenye mashini ya kupuliza leo bado inasinyaa. Ukiibandika ikiwa ya moto, kesho etiketi ina mikunjo na utamlaumu mchapaji bure. Iache ipoe, ikae angalau siku nzima.

Maji haiyaogopi. Baridi kali haiikakamazi, ndiyo maana hutumika kwenye vyakula vya kongelateri, yaani vya kugandishwa. Mng'ao wake ni wa chini kuliko wa PP, na ile angavu haina uangavu ule wa glasi.

Kwa fundi, PE ndiyo inayojaribu uvumilivu. Huvutika kwa mvutano mdogo tu, na rangi ya nne haitui pale ilipotua ya kwanza. Taa za UV za zebaki, zinazokausha wino, hutoa joto jingi, na PE laini huyeyuka karibu nyuzi joto 110, wakati PP hufika 160 na zaidi. Bila rola ya kupozea chini ya taa utahangaika. Taa za UV za LED zina joto dogo zaidi, tena huwaka papo hapo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaporudi, wakati za zebaki lazima zipoe kwanza ndipo ziwake upya. Punguza mvutano, anza polepole. Nayo pia inataka korona, na mambo ya kalamu ya daini niliyosema juu ya PP yanaihusu vile vile.

Kwa kuwa ni nene, rulo yenye kipenyo kile kile ina mita chache kuliko PP, na bei kwa kila etiketi hupanda kidogo. Zipo pia filamu zinazochanganya PE na PP ili kupata ulaini wa moja na uthabiti wa nyingine. Ukizipata kwa bei ya kueleweka, zijaribu.

PET

Hii ni nyenzo ya kazi ngumu. Haivutiki, huyeyuka karibu nyuzi 250, hustahimili vimiminika vingi vinavyoharibu wino na karatasi, na ni ngumu kuchanika. Wino huishika kwa urahisi kuliko PP na PE. Mashini inaipenda pia kwa sababu rangi hukaa sawa mwanzo hadi mwisho wa rulo.

Kwa chupa ya mviringo mdogo haifai. Ugumu wake hunyanyua kingo. Kwa chupa ya kubinywa ndiyo usiiwaze kabisa. Mahali pake ni bapa la mashini, mota, betri, transfoma, kadi ya namba ya vifaa vya mgodini, au sehemu inayofutwa kila siku kwa petroli. Ndiyo ya bei ya juu kati ya hizi nne. Kuiweka kwenye mtungi wa karanga ni kutupa dola.

Gundi

Watu wawili wanaweza kununua PP ile ile, mmoja akafurahi na mwingine akalia, kwa sababu ya gundi.

Gundi ya akriliki huanza taratibu na hufikia nguvu yake baada ya siku moja au zaidi. Huvumilia jua na umri. Gundi ya mpira inayopakwa ikiwa moto hukamata papo hapo, hata kwenye katoni ya kuparuza au plastiki inayokataa akriliki. Jua kali la Oktoba likiipiga siku nyingi hulainika, hugeuka njano na huanza kuvuja pembeni. Ipo gundi ya kongelateri, ipo inayobanduka bila kuacha alama kwa sahani na vikombe. Sema mapema unachohitaji, maana haibadiliki baada ya rulo kufika.

Kila gundi pia ina kiwango cha chini cha joto cha kubandikia, na nyingi za akriliki hazitaki chini ya nyuzi 5 au 10. Msituchukulie sisi wa Katanga kama watu wa joto tu: Juni na Julai, alfajiri ndani ya hangari la bati, chupa za glasi zinakuwa baridi kweli. Subiri hadi saa tatu, saa nne asubuhi. Chupa iwe kavu pia. Gundi iliyobandikwa juu ya jasho la chupa iliyotoka frigo imebandikwa juu ya maji.

Kuhusu karatasi ya nyuma niseme moja tu kwa wachapaji. Kisu huagizwa kulingana na unene wake. Kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya karatasi ya nyuma ya glasini hakitakata vizuri nyuma ikiwa filamu nyembamba ya PET. Kitafika nje ya kipimo. Mwambie mtengeneza visu unatumia nini.

Nyenzo za pembeni

Karatasi ya joto, ile ya mizani na supermarche, huandikwa na joto bila wino. Jua na mafuta huifuta au kuitia weusi, kwa hiyo ni ya siku chache tu. Chupa za bia zinazorudishwa kiwandani zina kanuni zao: huoshwa kwa soda kali ya moto, na etiketi yake lazima itoke. Huko hutumika karatasi ya gundi ya maji, na etiketi ya kujibandika ya kudumu ingekuwa balaa. Maji ya chupa ya viwanda vikubwa hutumia PP nyembamba inayozungushwa na kuunganishwa kwa ukanda wa gundi. Kwa idadi kubwa ni nafuu mno, lakini inadai mashini yake kwenye mstari wa kujazia. Magunia ya unga ya kusokotwa yaache: hakuna gundi inayoyashika kwa uhakika. Chapa gunia lenyewe au shona kipande.

Kulingana na hali yako

Kabla ya oda yoyote kubwa, omba mita chache za nyenzo unayoifikiria, hata bila kuchapwa. Bandika kwenye chupa zako halisi zenye bidhaa yako halisi. Weka nyingine ndani ya maji ya barafu usiku mzima, nyingine juani dirishani, nyingine uzipake mafuta, nyingine mpe mtoto abinye. Wiki moja inatosha kukwambia mengi.

Ukiuza munkoyo (kinywaji cha kienyeji) au juisi inayokaa kwenye barafu, anza na PP nyeupe na gundi ya akriliki. Kama unajaza chupa zikiwa tayari baridi, badilisha utaratibu: bandika kwanza, jaza baadaye.

Ukiwa na sabuni ya maji au javeli kwenye chupa laini, PE. Mama anayejaza chupa nene zisizobinyika anaweza kubaki na PP na kuokoa kidogo.

Kwa asali, kahawa, viungo na chai, karatasi ya kushe yenye vanishi inatosha na inapendeza. Asali yako ikianza kupelekwa Kinshasa na chupa zinafika zimevuja juu ya nyingine, hapo ndipo uhamie PP.

Kwa samaki, wawe wa Kasenga au tomsoni wa kugandishwa, kwenye mifuko ya kongelateri, PE na gundi ya baridi, na ubandike kabla mfuko haujaganda.

Ukiwauzia watu wa migodi bidoni na mapipa ya kemikali, zungumza nao kuhusu safari ya mzigo. Kama pipa litapita baharini likiwa na bidhaa ya hatari, kanuni za IMDG, zile za kimataifa za kusafirisha bidhaa za hatari baharini, zinataka alama zake zibaki zikisomeka baada ya miezi 3 ndani ya maji ya bahari, na kipimo kinachotumika ni BS 5609, kiwango cha Uingereza. Karatasi imetoka kwenye mashindano. Filamu pekee haitoshi: muulize muuzaji kama nyenzo na gundi yake vimepita kipimo hicho, kisha wino wako nao upimwe juu yake.

Na fundi mwenye fedha za rulo mbili tu za kuanzia: karatasi ya kushe yenye gundi ya mpira kwa katoni na bidhaa kavu, PP nyeupe yenye akriliki kwa vinywaji. PE iagize kazi inapokuja na malipo ya kwanza yameshalipwa. PET usiikalishe stoo. Wanaoihitaji wanajua kusubiri.